Kazi ya Nusu Saa: Nani Anasoma Data za Maabara Zetu za Jenetiki?

Diski mbili nyeusi ziliwekwa mezani kwangu Ijumaa saa tisa alasiri, zikiwa zimefungwa pamoja kwa ule mpira wa kubana mkono wakati wa kutoa damu. Aliyezileta ni daktari wa watoto, mtafiti mkuu wa mradi, mtu ninayemheshimu sana, na hakuingia ndani kwa sababu alikuwa anawahi kikao. "Dada, zimerudi," alisema kutokea mlangoni. "Kwako wewe hii ni kazi ya nusu saa. Endesha ile programu yako, Jumatatu unipe jedwali." Ndani ya diski hizo zilikuwamo jenomu (seti nzima ya vinasaba) za watu 96, yaani familia 32 zenye baba, mama na mtoto mwenye selimundu, ambazo wauguzi wetu walikuwa wamezitafuta kliniki kwa kliniki kwa karibu miaka miwili. Hiyo ilikuwa pleti, yaani kibao cha kupangia sampuli, ya kwanza kati ya sita.

Makala haya yanahusu ile nusu saa. Kazi ninayoifanya, ya kuchambua data za vinasaba kwa kompyuta, huitwa bayoinfomatiki. Kwenye mikataba mingi niliyosaini imeandikwa "msaada wa data", na katika mipangilio ya ofisi nimewekwa mara zote pamoja na watu wa Tehama, wale wanaobadilisha wino wa printa na kuirudisha intaneti inapopotea. Sina neno na watu wa Tehama, kwani bila wao seva zetu zisingevuka wiki moja ya umeme wa kukatikakatika. Hoja yangu ni kwamba mpangilio huo unaficha jambo kubwa: sehemu nzito ya uamuzi wa kisayansi katika maabara ya jenetiki ya leo hufanyika baada ya sampuli kutoka kwenye mashine, na anayeufanya ni mtu ambaye hakuitwa wakati utafiti unapangwa, hana mamlaka ya kukataa data mbovu, na ajira yake inakwisha siku ruzuku inapokwisha.

Nirudi kwenye diski. Kabla ya kuligusa swali la utafiti, mchambuzi hukagua kwanza mambo ambayo majibu yake yanajulikana. Jinsia ni mojawapo: vipande vya kromosomu Y vikionekana kwa kiasi cha kutosha, aliyetoa damu ni mwanamume, na hilo lazima likubaliane na daftari la kliniki. Undugu ni jingine: mtoto hupokea nusu ya vinasaba vyake kutoka kwa kila mzazi, hivyo mzazi na mwana hulingana kwa angalau nakala moja karibu katika kila sehemu ya jenomu, ilhali mume na mke kwa kawaida hawana mlingano wa namna hiyo. Jumamosi asubuhi matokeo ya jinsia yalikuwa tayari. Akina mama wote 32 walikuwa wanawake. Miongoni mwa akina baba, 15 walikuwa na kromosomu X mbili na hawakuwa na Y yoyote. Watoto wote 32 walikuwa wavulana, ingawa daftari lilikuwa limeandikisha wasichana 15.

Matokeo ya undugu ndiyo yaliyonisimamisha. Katika kila familia, bila kubakiza hata moja, mama hakuwa na undugu wowote na mtoto wake, lakini alikuwa na undugu wa mzazi na mwana na mume wake. Wahenga walituonya kwamba ukichelewachelewa utamkuta mwana si wako. Hawakutuambia kwamba unaweza kumkuta mume ndiye mwanao.

Njia ya mkato ilikuwa wazi, na mtu mwenye nusu saa angeifuata: baba na mtoto wamebadilishana lebo, basi warudishwe. Nilijaribu. Akina baba wote wakawa wanaume, undugu ukakaa sawa katika familia zote 32, jedwali likapendeza macho. Kilichobaki kilikuwa jinsia ya watoto, nayo ilikubaliana na daftari kwa watoto 18 tu kati ya 32, tofauti kidogo sana na kurusha sarafu. Familia zilikuwa za kweli, ila hazikuwa zile zilizoandikwa.

Jibu lilikuwa kwenye pleti. Sampuli hupangwa katika pleti ya plastiki yenye vishimo 96, safu nane kuanzia A hadi H na nguzo 12, nayo ni ya mstatili. Ukiigeuza nusu mzunguko inakaa pale pale vizuri tu, na alama ya kukuzindua ni pembe iliyokatwa kidogo. Ikigeuzwa, A1 husomwa kama H12, B3 kama G10, C5 kama F8. Sisi tulikuwa tumezipanga familia kwa mfuatano wa baba, mama, mtoto, na pleti iliyogeuzwa huusoma mfuatano huo kinyumenyume: mtoto, mama, baba. Mama hubaki katikati, ndiyo maana akina mama wote walikuwa wanawake, lakini familia ya kwanza hupewa vinasaba vya familia ya 32, ya pili vya familia ya 31, na hivyo hivyo hadi mwisho. Nilipozigeuza lebo zote kwa utaratibu huo, jinsia za watoto zikakubaliana na daftari, 32 kwa 32. Ilikuwa Jumapili usiku.

Chukulia kwamba ningefuata njia ya mkato. Mradi ule ulikuwa unauliza kwa nini watoto wawili wenye selimundu ileile hutofautiana kiasi hicho, mmoja akilazwa kila baada ya wiki chache na mwingine akicheza mpira mchana kutwa. Sehemu ya jibu inajulikana: wapo wanaoendelea kutengeneza kwa wingi hemoglobini ya utotoni, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo, na jeni ya BCL11A iliyo kwenye kromosomu ya 2 ni miongoni mwa zinazoamua kiasi chake. Kwa lebo zilizorekebishwa nusu, kila mtoto wa pleti ile angepewa historia ya hospitali ya mtoto mwingine, na hakuna programu ambayo ingelalamika. Hesabu zingekubali, michoro ingetoka, uhusiano uliothibitishwa kwingineko duniani ungeonekana dhaifu kwa watoto wetu, nasi tungeandika aya ndefu kueleza kwa nini watu wa Afrika Mashariki ni tofauti.

Msomaji anaweza kuniambia kwamba hiyo ilikuwa ajali, na kwamba ajali haziwezi kujengewa hoja. Basi tuchukue jambo lisilo na ajali ndani yake, tena katika ugonjwa huohuo, maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu. Tangu Vernon Ingram alipoonyesha katikati ya miaka ya 1950 kwamba hemoglobini ya mgonjwa hutofautiana na ya mtu mzima wa afya kwa asidi amino moja tu, badiliko hili limekuwa maarufu kuliko mengine yote katika jenetiki ya binadamu. Ni herufi moja ya DNA katika jeni ya hemoglobini iitwayo HBB, kwenye kromosomu ya 11, pale ambapo A imekuwa T. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Sasa lifungue kwenye faili.

Katika jenomu rejea, yaani ramani ya pamoja ambayo maabara hulinganishia data zao, iliyotolewa mwaka 2009, herufi hiyo iko nafasi ya 5,248,232. Katika rejea ya mwaka 2013, herufi ileile iko nafasi ya 5,227,002, herufi 21,230 kabla ya pale ilipokuwa, kwa sababu ramani ilisahihishwa na namba zote zikasogea. Ukiitafuta kwa anwani ya zamani ndani ya faili la ramani mpya, utaishia mahali pengine kabisa na utaandika kwamba hakuna mwenye selimundu katika kliniki ya wagonjwa wa selimundu. Isitoshe, faili halitakuonyesha A iliyokuwa T. Litakuonyesha T iliyokuwa A, kwa sababu jeni ya HBB husomwa kwenye uzi wa pili wa DNA, ilhali ramani huandikwa kwa uzi wa kwanza. Ukienda kwenye protini, vitabu vya zamani vinasema badiliko lipo kwenye asidi amino ya 6, na kanuni za sasa zinasema ya 7, kwa kuwa zinahesabu na ile ya kuanzishia ambayo baadaye hukatwa. Yote ni kweli kwa wakati mmoja. Kama badiliko linalojulikana kwa karibu miaka 70 lina anwani mbili, maandishi mawili na namba mbili, msomaji apime mwenyewe hali ya mamilioni ya mabadiliko ambayo hayana hata jina, yanapounganishwa kutoka maabara tatu zilizotumia ramani tofauti.

Na hapo sijaitaja Excel, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiigeuza jeni ya SEPT2 kuwa tarehe 2 Septemba bila kumuuliza mtu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kosa la aina hiyo katika takriban moja ya tano ya makala za jenomu zilizoambatisha orodha za jeni katika Excel. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni iliona heri ibadilishe majina ya jeni zenyewe, SEPT1 ikawa SEPTIN1 na MARCH1 ikawa MARCHF1. Jeni za binadamu zilipisha programu ya ofisini.

Hadi hapa nimeeleza namna ya kuepuka makosa, na mtu anaweza kuhitimisha kwamba mchambuzi ni mkaguzi tu, kama wa hesabu za serikali. Mfano unaonifanya nikatae hitimisho hilo unatoka Kilifi, pwani ya Kenya. Mwaka 2015 muungano wa watafiti wa malaria uitwao MalariaGEN ulitangaza kwamba kuna sehemu kwenye kromosomu ya 4 inayohusiana na kinga dhidi ya malaria kali, karibu na jeni za GYPA na GYPB, zinazotengeneza protini za juu ya seli nyekundu ambazo vimelea huzitumia kuingilia. Ishara ilikuwepo, ila chanzo chake hakikuonekana, kwa sababu jeni za eneo hilo zinafanana mno. Mashine za kusoma vinasaba zilizotumika hutoa vipande vifupi, vya herufi mia moja hivi, na programu huvipanga kwa kulinganisha kila kipande na ramani; jeni mbili zikifanana kama mapacha, programu haiwezi kusema kipande ni cha nani, nayo hukitupa au hukikisia. Eneo ambalo programu ya kawaida huliona kuwa takataka ndilo lililokuwa limeficha jibu.

Waliolifumbua hawakusubiri mashine bora zaidi. Walichukua vipande vifupi vya aina hiyohiyo na kuhesabu kina chake, yaani vipande vingapi vimelala juu ya kila sehemu, wakitafuta mahali panapoonyesha kwamba jeni imepungua au imeongezeka. Kwa njia hiyo walionyesha mwaka 2017 kwamba baadhi ya watu wamepoteza nakala za GYPB na kupata nakala za jeni chotara, nusu yake GYPB na nusu GYPA, na kwamba muundo huo hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Ndio msingi wa kundi la damu la Dantu, ambalo ni la kawaida Kilifi na ni nadra sana Afrika Magharibi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2020, Silvia Kariuki na wenzake walieleza namna kinga hiyo inavyofanya kazi: utando wa seli nyekundu za Dantu umekazana zaidi, na kimelea hushindwa kuupenya. Kati ya ishara ya 2015 na maelezo ya 2020 pana daraja, na daraja hilo lilijengwa na watu waliokaa mbele ya skrini wakikataa kukubali kile ambacho programu ilikiita kosa. Sijui ni kwa kipimo gani kazi hiyo ingeitwa msaada.

Kwa sisi wa ukanda huu kuna sababu ya ziada ya kutoiachia kazi hii mikono ya mbali. Ramani na orodha zinazotumika kuamua kama badiliko ni la kawaida au ni la ugonjwa zimejengwa kwa sehemu kubwa kutokana na watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha matokeo yake: Wamarekani Weusi kadhaa walikuwa wameambiwa kwamba wana badiliko linalosababisha ugonjwa wa kunenepa kwa misuli ya moyo, kumbe mabadiliko hayo ni ya kawaida miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika na hayana madhara. Kama miongoni mwa waliolinganishwa nao mwanzoni wangekuwamo hata Weusi wachache, huenda kosa lisingetokea. Mwaka 2020 H3Africa, mradi wa utafiti wa jenomu za Waafrika, ulichapisha usomaji wa jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya kilugha barani, na ndani yake yakapatikana mabadiliko zaidi ya milioni tatu ambayo hayakuwa yamewahi kuandikwa. Watu 426 ni pungufu ya abiria wa meli moja ya Zanzibar. Mchambuzi aliyeketi mbali, akiona badiliko ambalo halimo kwenye orodha yake, hulitilia shaka kwanza. Aliye karibu na kliniki anaweza kunyanyua simu na kuuliza kama mtoto huyo anaumwa.

Sasa niingie kwenye fedha, maana ndipo mambo yanapoharibikia. Mwaka 2001 kusoma jenomu moja ya binadamu kuligharimu zaidi ya dola milioni 90 za Marekani. Leo ni chini ya dola 1,000. Wafadhili na watafiti wameuona mteremko huo na kufanya jambo la kawaida, yaani kuongeza idadi ya sampuli. Gharama ya kufikiri haikushuka. Jenomu moja iliyosomwa mara 30, kama ilivyo desturi, ni herufi zaidi ya bilioni 90, na mafaili yake ghafi na yaliyopangwa hujaza gigabaiti mia moja au zaidi. Pleti moja ni terabaiti kumi hivi, ambazo lazima zihifadhiwe, zinakiliwe mahali pengine, zilindwe kisheria, kwa kuwa sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 zote zinahesabu taarifa za kijenetiki kuwa taarifa nyeti, na hatimaye zisomwe na mtu anayeelewa. Katika bajeti nilizoombwa kuzipitia, sampuli zina mstari wake, vitendanishi vina mstari wake, hata chai ya vikao ina mstari wake. Uchambuzi huja mwishoni, kwa miezi michache, kana kwamba ni gharama ya kuchapa ripoti.

Haisemwi hapa kwamba hakuna kilichofanyika. H3Africa, uliogharimiwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na Wellcome ya Uingereza, uliweka kando fedha kwa ajili ya mtandao wa H3ABioNet, ulioratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, na mtandao huo uliwafundisha wachambuzi katika nchi nyingi za bara hili, nasi wa Afrika Mashariki tukiwamo. Kampala kuna kituo cha bayoinfomatiki kilichofunguliwa mwaka 2019 katika Chuo Kikuu cha Makerere. Lakini H3Africa ulifikia mwisho wake mwaka 2022, na Mei 2025 taasisi hizohizo za Marekani zikatangaza kusitisha mtindo wa kupitishia ruzuku ndogo kwa washirika wa nje hadi utaratibu mpya upatikane. Waliofunzwa kwa fedha za mradi hawakai wakisubiri mradi mwingine. Nawafahamu waliokwenda Ulaya kusomea uzamivu, na nawafahamu zaidi waliokwenda benki na kampuni za simu, ambako ujuzi uleule wa kusafisha data hulipwa vizuri na hakuna anayeuita msaada. Maabara hubaki na diski ambazo nywila yake ilikuwa kichwani mwa mtu aliyeondoka.

Ninachopendekeza hakihitaji mfadhili mpya. Vyuo na taasisi za utafiti za serikali viwe na nafasi ya mchambuzi wa jenomu ndani ya muundo wa utumishi, kwa ngazi za mtafiti na siyo za fundi, ili mtu aweze kupanda cheo kwa kazi hii bila kulazimika kuihama. Andiko la mradi lisipelekwe kwa mfadhili kabla mchambuzi hajalisoma na kusema idadi ya sampuli inatosha au haitoshi, familia zitapangwaje kwenye pleti, na ramani ipi itatumika. Na awe na haki ya kuandika kwamba data fulani haifai, kisha andiko hilo liheshimiwe kama linavyoheshimiwa la mtaalamu wa maabara anayeikataa sampuli iliyoganda. Kuhusu majina kwenye makala za kisayansi nitasema kwa kifupi, maana kila mchambuzi ana malalamiko yake: aliyefanya uamuzi unaoweza kubadilisha hitimisho ni mwandishi mwenza, na kumtaja kwenye shukrani pamoja na madereva ni kutojua kilichofanyika. Madereva nao, kwa jinsi walivyohangaika na barabara zile, wanastahili zaidi ya mstari mmoja.

Sisi wenyewe hatuko safi. Wachambuzi wengi, nikiwamo, tumejenga ukuta wa maneno yanayomfanya daktari aone aibu kuuliza, kisha tunalalamika kwamba haulizi. Tunaandika programu ndogondogo zinazofanya kazi kwenye kompyuta moja tu, bila maelezo, na tukiondoka mrithi wetu huanza upya. Kosa baya zaidi ni kutokanyaga maabara. Nilifanya kazi miaka mitatu nikizungumzia pleti kila siku kabla sijaishika moja mkononi, na kama ningeishika mapema, yale mafumbo ya baba na mtoto yangenichukua saa moja badala ya siku mbili. Mtu anayetaka kuketi kwenye meza ya kupanga utafiti hana budi kujua paipeti inavyochosha kidole gumba ifikapo sampuli ya 80, na kwa nini makosa mengi hutokea baada ya chakula cha mchana.

Wapo wanaosema mjadala wote huu unapitwa na wakati, kwa kuwa akili mnemba itaendesha kila hatua na daktari atapata jedwali lake Jumatatu bila kumsumbua mtu. Natumia zana hizo kila siku na zimenipunguzia uchovu. Zinaandika msimbo haraka kuliko mimi. Nilipoieleza mojawapo kisa cha familia zile 32, bila kutoa jina wala namba ya mtu, ilipendekeza mara moja kwamba baba na mtoto wabadilishwe lebo, tena kwa lugha ya kujiamini sana.

Daktari wangu alipokea jedwali Jumanne, pamoja na ukurasa mmoja unaoeleza kilichotokea. Aliusoma mara mbili akiwa amesimama, akaketi, kisha akaniuliza pleti tano zilizobaki zitalindwaje. Nilimwomba vishimo vitatu vitupu katika kila pleti, safu ya H, nguzo ya 10 hadi 12, ili ikigeuzwa utupu uonekane kwenye A1, A2 na A3, na kila mtu aone kabla mashine haijawashwa. Alipiga hesabu papo hapo: vishimo vitatu ni familia moja, pleti tano ni familia tano, na familia tano ni miezi mitatu ya wauguzi kuzunguka kliniki. Tulibishana karibu saa nzima, mtaalamu wa maabara akaitwa, naye akaleta kalamu ya wino mwekundu akisema angeweka alama pembeni na tusipoteze kishimo hata kimoja. Mwishowe tulikubaliana vyote viwili. Pleti ya pili ilikwenda na familia 31, na nilikuwepo ilipowekwa kwenye mashine.